Pini ya Jiko la Shaba

Jumatatu, 16 Juni

Ukungu mzito Karatu, manyunyu, tope jekundu hadi mlangoni. Vidole vimekufa ganzi.

Ofisini Bosi Luqman ametangaza safari ya watalii kwa miguu, kutoka kreta ya Empakai hadi kijiji cha Engaresero. Anahitajika mpishi mkuu. Mitungi ya gesi haitakwenda. Parmuat, mwenye punda, amekataa katakata: safari iliyopita mtungi uligongana na sufuria, punda akatoroka na mchele wote. Amesema punda wake hawajazoea bendi. Kwa hiyo tutapikia jiko la kupampu, la mafuta ya taa.

Bosi akauliza nani analijua. Kuluthumu, mpishi wetu wa siku zote, alikuwa anajifunga kanga vizuri. Nikamtangulia kunyoosha mkono.

Sijawahi kuligusa.

Lakini tangu niajiriwe namenya viazi vya Kuluthumu. Yeye anakoroga, mimi namenya. Bosi amesema Alhamisi tutapimwa wote wawili uani, atakayeshinda ndiye mpishi mkuu. Na kwa kuwa nimejitia mtaalamu, nimetumwa mimi kununua jiko.

Jumanne, 17 Juni

Baridi kavu. Jua la kudanganya.

Dukani kwa mzee Shaabani kulikuwa na majiko mawili. Moja jipya, jekundu, linakula petroli na mafuta ya taa. Lingine la shaba, la kizamani, mafuta ya taa tu. Nikashika jekundu. Linafanana na aproni yangu.

Mzee Shaabani akaniuliza raba yake ikikatika nitapata wapi nyingine, Engaresero kwa wafuga mbuzi? Za jiko la shaba anazo kopo zima. Akaendelea: petroli ina haraka na haina msamaha, mafuta ya taa ni mavivu, na huo uvivu wao ndio usalama wako, binti yangu. Mafuta yawe na chombo chake cha chuma, si chupa ya maji ya kunywa. Tangi lisijazwe hadi juu. Jiko lisijazwe likiwa la moto. Lisiwashwe ndani ya hema, hata mvua ya mawe ikinyesha.

Nilikuwa naitikia kila neno, macho kwenye jekundu.

Nimerudi na la shaba. Nimemwambia Bosi nimefanya uchunguzi wa kina.

Ndani ya boksi kuna pini moja nyembamba ya kuzibulia tundu la moto likiziba. Moja tu. Nimeitazama kwa muda mrefu. Bila pini, jiko likiziba, mpishi ameumbuka. Na Bosi amesema Kuluthumu ndiye atakayetangulia.

Nimeichomeka kwenye kilemba changu.

Jumatano, 18 Juni

Ukungu tena. Nimefanya mazoezi nyuma ya nyumba, mama mwenye nyumba, Mama Penina, akiwa kanisani.

Karatasi ya maelekezo inasema: mimina spiriti kidogo kwenye kikombe chini ya kichwa cha jiko, iwashe, subiri kichwa kipate moto ndipo upampu. Kusubiri ndiko kugumu. Nilimsikia Mama Penina akikohoa njiani. Nikapampu. Mafuta yakatoka mabichi, ndimi za njano zikaruka hadi usawa wa uso.

Nimezima kwa mchanga. Kanga ya Mama Penina iliyoanikwa imepona. Nyusi zangu hazikupona.

Mama Penina akauliza harufu hiyo ni ya nini. Nikasema nachoma manyoya ya kuku. Akaniangalia usoni, akasema naona kuku mwenyewe.

Nimechora nyusi kwa wanja. Mafuta mengi yamemwagika, nikajazia chombo changu kwa yale yaliyobaki chini ya taa yake ya chemli. Meusi kidogo, lakini mafuta ni mafuta.

Alhamisi, 19 Juni

Upepo wa vumbi. Sikuweza kunywa chai.

Kuluthumu ametangulia. Hakuuliza pini. Alichuja mafuta yake kwa kitambaa, akawasha spiriti, akakaa kama anayemsubiri mgonjwa. Kisha akapampu. Moto wa buluu, unanguruma. Ugali ukaiva. Nilikuwa naomba jiko lizibe. Halikuziba.

Zamu yangu. Nikataka kujaza pale pale. Kuluthumu akanishika mkono, akasema mdogo wangu, liache lipoe, unataka tuzikwe pamoja? Nikaliacha. Likapoa. Nikajaza mafuta yangu ya chemli. Likawaka vizuri, likapiga chafya, likafa.

Limeziba.

Bosi akasema leteni pini. Kila mtu akainama kutafuta. Hata Parmuat, aliyekuja kusikiliza kelele ya jiko kwa niaba ya punda, alipekua majani kwa fimbo yake. Mimi nikainama kuliko wote. Jasho likashuka na wanja. Kuluthumu akasema Cresensia, nyusi zako zinahama. Nikainua mkono kujifuta, kilemba kikalegea, pini ikadondokea kwenye sufuria. Ikalia.

Wote wakainuka.

Nikasema nilikuwa naitunza.

Bosi alitaka kunifukuza. Kuluthumu, mpishi mkuu sasa, akasema bora aende nami anione, kuliko aniache mjini nikifikiri. Bosi amekubali, kwa sharti moja: kosa lingine dogo tu, kazi basi.

Jumamosi, 21 Juni

Empakai. Baridi ya kukata masikio, upepo kutoka kwenye shimo la ziwa. Nimemenya viazi. Kuluthumu amepika nje, ameweka bati la debe kukinga upepo, upande wa tangi akauacha wazi lisipate joto. Mgeni mmoja amempiga picha. Hakuna aliyepiga picha viazi.

Jioni nimelibeba jiko kulipeleka hemani, nipate joto kidogo. Kuluthumu amelitoa nje mwenyewe. Sijui kama Bosi ataambiwa.

Jumapili, 22 Juni

Ukungu umetuzuia kambini. Siku nzima natetemeka kwa baridi na kwa lile sharti la Bosi.

Jioni Kuluthumu akanikabidhi boksi la jiko. Akasema mdogo wangu, pini iko humu, ikae humu, kesho tunawasha mapema wageni wapate chai kabla ya kuteremka. Amenigusa bega. Nilikaribia kulia.

Halafu nikafikiri. Kosa la Alhamisi halikuwa kuficha pini. Kosa lilikuwa kilemba. Mahali pabaya. Pini ikipotea asubuhi, nami nikaiona mbele ya wageni wote, nani atanirudisha kwenye viazi?

Nimeichomeka ndani ya mfuko wa ngozi wa punda mweusi, mshononi, mahali ambapo hakuna atakayetafuta. Parmuat amepita akasema mzigo umepungua, punda mweusi anarudi kijijini Nainokanoka alfajiri na mifuko yake. Nimemtakia safari njema. Mambo ya punda hayanihusu.

Nimezima tochi saa tatu na nusu. Kwa mara ya kwanza wiki hii, usingizi unakuja wenyewe.