Kiolezo cha Posa, Toleo la Saba

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Nimepandishwa cheo! Kuanzia leo mimi Matar Khalfan, miaka arubaini na moja, mkaazi wa Tottenham, London, ni Mtunza Violezo. Mpaka Ijumaa nilikuwa mtia barua kwenye bahasha. Bado natia barua kwenye bahasha, lakini sasa na violezo juu yake.

Niandike nisije nikasahau. Ofisi iko Southall, juu ya duka la sari. Bosi ni Bwana Jitendra, Mhindi wa Kisumu, Kiswahili chake kinakwenda mbio kuliko changu. Programu yetu inaitwa Katibu. Mteja anajaza majina na habari zake kwenye simu, Katibu anaipelekea akili mnemba maagizo, nayo inaandika barua. Malalamiko kwa kaunsili ya mtaa, rambirambi, radhi kwa jirani, hata posa. Sisi tunaichapa kwenye karatasi nzito na kuipeleka posta. Maagizo hayaandikwi upya kila mara. Yameandikwa mara moja, yana nafasi wazi za majina, yanakaa kwenye seva, na kila mteja anachotewa hayo hayo. Ndiyo kiolezo.

Nikamuuliza Rupal, mpwa wa bosi na mwenye funguo za seva: yaani mtu akigusa neno moja tu huko, barua zote zinabadilika? Akasema ndiyo, na ndiyo maana nisiguse. Nimeliwaza hilo tangu Southall mpaka nyumbani, nikapitiliza kituo.

Sasa neno kubwa. Dada yangu Sheikha, ninayekaa kwake, kasikia kwamba Asad mwenye duka la miwani Thornton Heath anataka kumposa Haifa binti Ziyad. Haifa wangu! Wangu kwa maana kwamba nampenda tangu Idi ya mwaka juzi, ila sijamwambia. Nimeazimia: posa yangu ifike kwanza.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimefungua kiolezo cha posa, toleo la sita. Kikavu! Nafasi ya mposaji imeitwa "jina". Jina! Utadhani fomu ya bili ya maji. Nikaibadili, nikaiita "bwana harusi". Nikaongeza maagizo: unyenyekevu uwepo, ukoo utajwe, mama wa binti asisahauliwe kusifiwa. Hilo ndilo toleo la saba, la kwangu.

Nikaanza majaribio. Mara kumi na tisa nikaandika "Matar Khalfan wa Tottenham" kwenye nafasi ile, mpaka kidole kikafa ganzi. Kumbe kuna njia! Unaweza kuiambia seva: nafasi ikiwa tupu, jaza jina hili. Nikaweka langu. Jaribio la ishirini lilinitoa machozi. Ningekuwa na binti, ningejipa.

Rupal kasema kazi zangu zikae kwenye rasimu. Kiolezo wanachotumia wateja kina alama ya "hai", na alama hiyo haihamishwi mpaka akague yeye. Kisha akaenda kwa daktari wa meno. Nikabaki naitazama alama. Ni ya kijani, ndogo tu, unaivuta kwa kidole kutoka toleo hili hadi lile. Nilitaka kujua tu inavutika vipi. Inavutika vizuri sana. Nilikuwa nairudisha toleo la sita ndipo Bwana Jitendra akaniita kwenye bahasha.

Jioni Sheikha kaniamuru nisitume posa mpaka yeye aongee na Bi Ghalia, mama yake Haifa. Eti haraka haraka haina baraka. Nikamjibu ngoja ngoja huumiza matumbo. Akasema tumbo langu linaumizwa na chapati nane.

Jumatano, 8 Oktoba

Posa tano leo! Kwa kawaida ni moja kwa wiki. Sijui kuna nini London, labda baridi. Chapa, kunja, bahasha.

Bwana Jitendra ana sharti moja: barua za wateja hazisomwi. Siku zote nachungulia, Mungu anisamehe, siwezi kujizuia. Lakini leo nimeapa. Mtunza Violezo ni mtu wa amana. Sikuchungulia hata herufi. Najivunia!

Bahasha moja iliandikwa Mzee Ziyad, Thornton Heath. Posa ya Asad hiyo! Nikawaza kuidondosha nyuma ya printa. Nikaidondosha. Bwana Jitendra akapita, akaiokota, akasema wee Matar, macho yangu bado mazima eh? Akaenda kuitia sanduku la posta kwa mkono wake.

Yangu bado. Bi Ghalia hapokei simu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Ajabu ya mwaka! Saa tisa Mzee Ziyad kampigia Sheikha. Kasema barua ya Matar imefika, imemgusa sana, tuje Jumapili tuzungumze.

Sheikha kanikazia macho. Nikaapa sijatuma kitu. Kweli sijatuma! Nani basi? Nimefikiri mengi. Inawezekana akili mnemba, baada ya majaribio ishirini, imenionea huruma? Nimuulize Rupal kama seva zina huruma.

Saa kumi, simu ya pili. Baba mmoja wa Walthamstow: barua ya Matar imefika, binti yake Leena anaomba wiki moja ya kufikiri. Saa kumi na moja, mama mmoja wa Croydon: mposaji ni mtu mzima kidogo, lakini karatasi ameipenda. Kufikia magharibi zimetimia tano. Sheikha akakaa chini kwenye zulia. Akasema sheria imeishia kwa wanne, huyu wa tano unataka kumweka wapi, kwenye kabati la viatu?

Sisi Waswahili wa London tunajuana. Ukipiga chafya Tottenham unaombewa dua Croydon. Kundi la simu la kina mama limeshajaa jina langu. Kuna aliyeuliza kama ninaumwa.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimeitwa ofisini siku ya mapumziko. Rupal kaja na shavu limevimba, akanieleza pole pole kama anayemweleza mtoto. Programu bado inapeleka "jina". Kiolezo changu kinangoja "bwana harusi". Hakioni kitu, nafasi inabaki tupu, na seva inatii amri yangu: inajaza Matar Khalfan wa Tottenham. Posa za vijana watano, sifa zao, mabinti wao, na jina langu juu.

Nikasema hili jambo linavutia sana. Hakucheka. Akabonyeza kitufe kimoja, toleo la sita likarudi. Nikauliza, na barua nazo zinarudi? Akasema barua ziko kwa watu.

Bwana Jitendra kapiga simu nyumba nne, kuomba radhi, hadi sauti ikamkauka. Ya tano nikamwambia aniachie, Mzee Ziyad tunajuana. Maana nimeshapima: sifa za Asad, jina langu, na mzee kakubali. Nani kadhulumiwa hapo? Asad. Kidogo.

Sheikha nimemwambia yote yameshasawazishwa.

Jumapili, 12 Oktoba

Tumekwenda Thornton Heath na sahani ya kashata. Nikamwamkia Mzee Ziyad, shikamoo Ami, akanikumbatia na kunipongeza kwa duka langu la miwani. Sheikha kashata ikamkwama. Njia ya mwongo fupi, najua, lakini nilitaraji ifike japo kwenye chai.

Haikufika. Ami Ziyad akatoa miwani yake, mguu umevunjika, akaniuliza mtaalamu anaonaje. Nikaiinua dirishani. Nikaguna. Nikaomba gundi. Mguu ulishika vizuri kabisa, na dole gumba langu pamoja nao.

Hapo kengele ikalia. Asad! Kaja kwa adabu zake kuuliza kama posa yake ilifika. Ami Ziyad akaitazama barua, akamtazama Asad, akanitazama mimi na miwani yake kidoleni. Nikasimulia. Seva, nafasi, alama ya kijani, yote. Mwishoni Asad akaomba maji ya moto na sabuni, akanibandua taratibu bila neno baya. Ni mtu mwema. Inaudhi!

Haifa kanisindikiza mlangoni. Hakupiga kelele, heri angepiga. Kaniuliza nyumba ngapi. Nikasema tano, ila nne ni bahati mbaya. Akasema Idi ya mwaka juzi aliniona ninavyomtazama, na tangu siku ile alikuwa anangoja nije na maneno yangu mwenyewe. Iliniuma, wallahi, iliniuma hapa chini ya mbavu.

Halafu akanipa sharti. Barua moja ya radhi kwa baba yake, kwa kalamu, kwa mkono wangu, kwa maneno yangu. Siyo ya Katibu. Ikifika kabla ya Jumamosi, jibu la Asad litangoja.

Ananipenda! Au anakaribia.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimenunua kalamu. Nikaandika "Mzee wangu". Saa nzima ikapita. Nikaandika "Mzee wangu" tena chini yake, kwa mwandiko mzuri zaidi. Nikawa najiuliza maneno yangu yanakaa wapi siku zote, kwani yale ya kusema hayaishi. Sheikha akapita, akasema andika tu kwamba ulikosea. Nikaona hiyo ni fupi mno.

Ndipo nikafikiri. Haifa anataka nini khasa? Radhi. Na kwenye seva kiko kiolezo cha radhi! Cha jirani aliyesumbuliwa na kelele, toleo la tatu, kimetumika mara mia nne bila lalamiko. Nikakinakili kwenye rasimu. Rasimu tu, nimejifunza! Nikaamuru kila penye "kelele" pawe "posa". Na ipo fonti inayofanana sana na mwandiko wa mtu. Nimeichapa kwa wino wa buluu. Nani atajua?

Sikuisoma yote. Sanduku la posta linafunguliwa saa kumi na moja na nusu, nikakimbia.

Jumatatu, 20 Oktoba

Barua imerudi. Ami Ziyad kapiga mstari kwa penseli chini ya sentensi moja: "Naahidi kwamba posa hazitarudiwa baada ya saa nne usiku, na spika nimeshaziondoa ukutani." Pembeni kaandika neno moja tu. Spika? Chini kabisa, kwa kalamu ya kweli, Haifa kaandika kwamba sasa amenielewa.

Asad kajibiwa ndiyo. Harusi Desemba.

Nimelia ndani ya treni, mbele za watu, sikuona haya. Mama mmoja nisiyemjua kanipa tishu na peremende. Sheikha hakunisema hata kidogo, kanipikia chapati kumi, na hapo ndipo nilipojua hali ni mbaya.

Basi, kazi iendelee. Bwana Jitendra, kwa kuomba radhi, kawazawadia maharusi kadi mia mbili za mwaliko, zitatoka kwa Katibu. Rupal kaweka ulinzi kwenye posa: nafasi ikibaki tupu, barua haitoki. Kadi za harusi bado hajaziwekea. Yuko Leicester, kaenda harusini kwa binamu yake. Kaniachia rasimu ya kadi niipambe kidogo, maua na dua, basi. Alama ya kijani ataihamisha mwenyewe huko huko aliko. Hakuna hatari.

Nimefungua kiolezo. Nafasi ya mwoaji imeitwa "jina". Jina! Kwenye kadi ya harusi! Nimeiita "bwana harusi". Halafu nikataka kujua tu kadi inakaaje ikichapwa, na kuandika jina kila jaribio kunaumiza kidole, khasa hiki kilichobanduka ngozi. Kwa hiyo nimeiambia seva, nafasi ikiwa tupu, iweke jina la mfano.

Nimeichapa moja. Haifa binti Ziyad na Matar Khalfan wa Tottenham. Maua pembeni, dua chini. Imependeza mno. Nimeitia mfukoni.

Saa kumi Rupal kapiga simu, ngoma zinalia nyuma yake, kauliza kama rasimu imekaguliwa. Nimemwambia nimeikagua mwenyewe, neno kwa neno. Jina nitalifuta kesho.