Zimwi Lililoitikia Marahaba

Jamani, leo nimeaibika, tena nimeaibika nikiwa ndani ya blanketi. Nawaandikia sasa hivi kabla hamjaisikia kwa Deo, maana Deo ataongeza chumvi, na kisa chenyewe hakihitaji hata punje moja.

Kwa wasionijua: mimi ni Festo wa steshenari. Natoa fotokopi na kupiga picha za pasipoti hapa Songea mjini, na nimepanga chumba Bombambili kwa Bibi Mbawala. Huyu bibi ni mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisani, ni mama mnene (mtaona kwa nini nasema mapema), na hacheki ovyo.

Miezi minane iliyopita nilikuwa naperuzi simu, nikaona watu wamezunguka meza wanacheza mchezo wa ajabu. Hakuna karata, hakuna bao. Mmoja ni msimulizi. Anasema, mko porini, mbele kuna daraja bovu, mtafanyaje? Wengine kila mmoja ana mtu wake wa kubuni, na anaamua mtu wake afanye nini. Penye mashaka unarusha dadu. Namba kubwa umefaulu, namba ndogo umekwisha. Nilipenda mpaka wali ukaungua jikoni. Nikasema, mimi nitakuwa msimulizi.

Lakini msimulizi anahitaji watu wa kuwasimulia. Miezi yote hiyo nimecheza peke yangu. (Nilishindwa mara mbili. Sikukubali matokeo.) Niliagiza dadu zikaja na basi kutoka Dar, zimo ndani ya boksi la chaja, za rangi rangi, pamoja na moja ya pande ishirini ambayo nimekuwa nikitembea nayo mfukoni kama rozari. Niliwaomba watu wengi. Wengi waliuliza kama kuna zawadi.

Mwishowe Oliva, ambaye nafanya naye kazi, akachoka kunisikiliza. "Festo, nakupa Jumamosi moja," akasema. "Ikiboa, usinitajie tena hayo madude yako mpaka nistaafu."

Oliva akamleta Deo, fundi friji, ambaye huenda popote penye chai. Mimi nikamwomba Rashidi wa duka la vifaa vya ujenzi, jirani yetu kazini, mtu wa Mbesa kule Tunduru, mwenye adabu mpaka inachosha. Huyu akiingia dukani kwetu huisalimia kwanza mashine ya fotokopi. Basi, watu watatu na Jumamosi moja. Wakiboreka leo, narudi kucheza na ukuta.

Nilijiandaa jamani. Nilijaza kauntabuku kurasa arobaini. Hadithi yenyewe ni hii: kuna zimwi limejenga nyumba ya mawe juu ya milima ya Matogoro, limeziba chemchemi, na mto Ruvuma wote umekauka. Mashujaa wapande, wavuke daraja, wakwepe mitego, wapigane na zimwi, wafungue maji. Ukurasa wa thelathini na nane kulikuwa na hotuba ya zimwi ambayo nilipoiandika nilijiogopa mwenyewe.

Shida ilikuwa sauti. Kwaya mimi naimba sauti ya juu, pamoja na wanawake. Nikafanya mazoezi ya kunguruma wiki nzima nikitoa fotokopi. Mteja mmoja akanishauri ninywe tangawizi.

Shida ya pili, dadu zilikuwa zinakimbilia chini ya kitanda. Nikaona nizirushie ndani ya ungo. Ungo sina. Bibi Mbawala anao. Asubuhi nikaenda kuuazima, na aliponiuliza wa nini, ningemwelezaje mambo ya zimwi saa mbili asubuhi? Nikasema napepeta mchele.

Akaniangalia. "Wewe? Unapepeta?"

Nikasema ndiyo, nina wageni. Akanipa, na nikaona uso wake umelainika kidogo. Nadhani alifikiri nimepata mchumba. Akasema tu nisikae nao, ana maharage yake ya kupepeta mchana.

Saa nane wageni wakafika. Nikamimina chai, nikafunga pazia la dirisha chumba kiwe na giza kidogo la kutisha, mlango nikauacha wazi kwa sababu ya jiko la mkaa. Tukaanza.

Oliva akawa shujaa mwenye mapanga mawili. Rashidi akawa mganga wa miti shamba. Deo nikamwambia anaweza kuwa mtu yeyote duniani, shujaa, mchawi, mfalme. Akafikiri sana. Akasema yeye atakuwa mfanyabiashara wa mahindi.

"Mahindi ya nini?" nikamuuliza.

"Ya kuuza."

Tukaenda hivyo hivyo. Darajani kulikuwa na fisi watatu wenye njaa. Deo akajaribu kuwauzia mahindi. Akarusha dadu, ikatoka ishirini. (Ishirini ni ishirini, sheria ni sheria.) Fisi wakanunua magunia mawili. Oliva akapiga miayo. Nikaruka mitego yote, nikafungua ukurasa wa thelathini na saba, nikawapeleka moja kwa moja mlangoni kwa zimwi, nikajifunika blanketi mabegani na kunguruma, "Nani huyo anakanyaga kwangu?"

Oliva akakaa wima. Nikajisemea, sasa nimewapata.

Rashidi akakohoa kidogo. "Hodi," akasema. "Shikamoo, babu."

Na mimi, jamani, kwa mdomo wangu huu uliolelewa Hanga na mama asiyetaka mchezo kwenye salamu, nikajibu, "Marahaba."

Nilitaka kulirudisha neno. Halikurudi. Deo aliacha kutafuna. Rashidi yeye akaendelea kwa raha zake: habari za hapa, za tangu asubuhi, mvua huku juu zikoje. Na zimwi langu la kurasa arobaini likawa linajibu nzuri, salama, zinanyesha nyanyesha.

"Subiri," Oliva akasema. "Umeshaitikia marahaba. Sasa utatulaje?"

Nikafungua kitabu cha sheria nilichokichapisha mwenyewe kazini. Kuna ukurasa wa sumu. Kuna ukurasa wa kuanguka kutoka juu. Wa mtu aliyesalimiwa na wajukuu halafu anataka kuwatafuna, hakuna. Rashidi akauliza kwa upole kama babu anaweza kuwafungulia maji ili wao wasichelewe kurudi. Oliva akaangalia saa ya simu. Mchezo wa saa nne ulikuwa unakufa ndani ya dakika arobaini, na umeuawa na adabu.

Nikaamua hotuba itaokoa mambo. Nikawaambia zimwi lilikuwa linajifanya tu, sasa linageuka. Nikajifunika blanketi gubigubi, kichwa na yote, nikaanza kusafisha koo humo ndani kwa nguvu. Ndiyo maana sikusikia hodi.

Nilichosikia ni sauti tatu kwa pamoja: "Shikamoo, bibi."

Nikasema moyoni, hawa wananichezea. Wananitoa kwenye ubabu wananipeleka kwenye ubibi. Nikajibu kwa kejeli, kwa sauti nzito kuliko zote za wiki nzima, "Marahaba, wajukuu zangu!"

Nikasikia marahaba ya pili, kama mwangwi. Nikafurahi kwamba blanketi linatoa mwangwi wa pango.

Sasa nikaachia hotuba. "Mmeingia kwa miguu yenu! Mimi ndiye mwenye nyumba hii! Nimeijenga jiwe kwa jiwe! Nani kawapa ruhusa ya kukanyaga kwangu?"

Kimya kikubwa. Kile kimya nilichokitafuta miezi minane! Mtu akanivuta blanketi upande. Nikajua ni Deo na mahindi yake, nikampiga teke.

"Leo nawala mmoja mmoja," nikanguruma. "Nanusa nyama. Naanza na aliyenona kuliko wote, yule pale mlangoni!"

(Ndivyo ilivyoandikwa. Ukurasa wa thelathini na nane. Naweza kuwatumia picha.)

Ndipo sauti moja tulivu ikatoka mlangoni. "Festo. Hii nyumba umeijenga mwaka gani?"

Jamani. Nilibaki humo humo ndani. Nilifikiri nikinyamaza vya kutosha wote watazeeka na kuondoka. Nikasikia Oliva anabana kicheko puani. Nikasikia Rashidi anasema kwa heshima, "Karibu ukae, bibi," akavuta kigoda. Kigoda kikalia. Bibi amekaa. Hakuna kuondoka.

Nikajitoa kwenye blanketi polepole, nywele zimesimama, jasho linatiririka. Bibi Mbawala alikuwa ananitazama mikono yake ikiwa mapajani. Kisha akatazama pazia lililofungwa. Kisha akatazama ungo wake katikati ya mkeka, na ndani yake vidude vya rangi rangi.

"Na mchele uko wapi?" akauliza.

Nikasema ule ungo siruki nao usiku, bibi, naapa, siyo mambo ya uchawi. Nikasema ni mchezo. Nikasema kuna zimwi limeziba maji. Kila nilichosema kilizidi kunizamisha. Nilikuwa naogopa kwa kweli. Kesho ni Jumapili, huyu ni mwenyekiti wa jumuiya, na hawa watatu ndio watu pekee Songea nzima waliokubali kucheza na mimi. Nikawaona tayari wanavaa viatu.

Bibi akachukua dadu ya pande ishirini, akaigeuza geuza kama anayechagua nyanya sokoni.

"Hilo zimwi lina mke?"

"Hapana, bibi."

"Ndiyo maana," akasema. "Na limeitikia marahaba?"

Oliva akawahi kumwambia kwamba ndiyo, limeitikia, halafu likataka kula watu. Bibi akatikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza leo nikaona amekerwa kweli. Kuambiwa amenona alikuwa amesamehe. Kilichomkera ni kwamba zimwi langu halijui kazi. Zimwi likishaitikia haliwezi kula wageni siku hiyo, akatueleza. Linawakaribisha, linawalisha, linawauliza majina ya kwao. Shida inaanza hapo.

Kisha akashika yeye nafasi ya zimwi. Hakuchukua blanketi. Hakunguruma. Alimgeukia Deo akamwambia taratibu, kwa sauti ya bibi yeyote anayeuliza habari za nyumbani, "Marahaba, mjukuu wangu. Wewe ni mtoto wa nani?"

Deo akataja jina la baba yake. La kweli. Alisahau kwamba tunacheza.

"Namjua," Bibi akasema. "Alipita hapa. Naye alikuwa na mahindi." Akamtazama kidogo. "Kaa, ule. Baba yako alikataa kula."

Jamani, mchana kweupe, nywele za mikono zilinisimama. Deo akasogea mpaka akamgusa Rashidi. Oliva, mwenye mapanga mawili, akauliza kwa sauti ndogo kama anaruhusiwa kukataa kuchota maji, maana zimwi lilikuwa linamtuma kisimani peke yake, na mtoto aliyelelewa anakataaje akitumwa na mtu mzima? Bibi akamsukumia ungo. "Rusha hicho kidude tuone."

Ikatoka mbili. Wakapiga kelele wote watatu. Na mimi pia, nisiseme uongo.

Tulicheza mpaka jua likashuka. Rashidi alijaribu salamu zake zote, na kila salamu ilimwingiza ndani zaidi. Deo aligawa mahindi bure. Maharage hayakupepetwa. Maji ya Ruvuma hayajafunguliwa hadi ninavyoandika, na Oliva bado yuko kisimani.

Bibi akasimama, akamwaga dadu zangu mkekani, akachukua ungo wake. Oliva akasimama naye. "Jumamosi ijayo tunakuja tena," akasema. "Saa nane kamili."

Nilitaka kulia kwa furaha. Nimepata kundi! Nikawaambia haraka haraka kwamba nitaandika zimwi jipya, kurasa sitini, lenye adabu.

Wakatazamana. Rashidi, kwa ile adabu yake, akatafuta namna ya kuniambia akaikosa, ikabidi Oliva aseme. "Wewe pumzika, Festo. Tutachezea kwa bibi, yeye ndiye atakayesimulia."

Nikamgeukia Bibi Mbawala, nikamuuliza, na mimi je, nitakuwa nani? Alishafika mlangoni. Akafikiri kidogo, akaniangalia kuanzia nywele hadi soksi.

"Wewe utakuwa mke wa zimwi," akasema. "Ndiye anayewapikia wageni."

Akaniachia ungo.

Tafadhali msicheke. Nina siku saba za kujifunza kupepeta mchele, na mume wangu hapendi chuya.