Malalamiko Rasmi Dhidi ya Televisheni ya Kanisa Isiyosalimia Wazee

Pioneer, Eldoret
Jumanne, baada ya shule

Kwa Mzee Kabiru,
Mwenyekiti, Kamati ya Majengo na Vyombo vya Kanisa.

Mzee, Bwana asifiwe. Tungekuwa tumesimama nje ya kanisa ungejibu "Amina", kisha mimi ningetakiwa kuendelea kuongea, na hapo ndipo hukwama. Kwa hivyo nimeamua kuandika. Mimi ni Nelima, binti wa Mama Brigid wa kwaya, yule wa kidato cha tatu anayekaa nyuma karibu na swichi za taa. Kama hunikumbuki, si kosa lako. Nimejitahidi sana usinikumbuke.

Nimesikia kamati imeamua kwamba Jumamosi hii ile kompyuta ya zamani ya Mzee Mulongo, mwimbishaji wetu, itolewe stoo, ipelekwe Huruma kwa mafundi wa jua kali, ikatwe ifanywe majiko. Mama anasema ni wewe uliyesema, "Hiyo kitu imeisha. Hata ukiiwasha haionyeshi chochote. Si afadhali itupikie chai?" Watu wakacheka, kikao kikafungwa kwa maombi.

Mzee, kwa heshima zote, kompyuta haina kosa. Inawaka, inanguruma, taa yake ya kijani inamulika kama kawaida. Mwenye kosa ni televisheni. Naomba kuwasilisha malalamiko yafuatayo dhidi ya ile TV bapa ya inchi hamsini na tano, iliyo mbele ya kanisa, kulia kwa mimbari.

1. TV haina salamu.

Hapa kwetu mgeni akija Jumapili yake ya kwanza husimama, hutaja jina, husema anatoka wapi, na kanisa humpigia makofi matatu. Hata yule bwana aliyekuja kusoma mita ya maji alisimamishwa. TV hii ilikuja Januari. Ikavalishwa kitambaa cha kufuma na akina mama, ikaombewa, ikapigiwa vigelegele. Mpaka leo haijasalimia mtu. Nilipoiunganisha na kompyuta ya Mzee Mulongo iliandika maneno mawili tu, kwa Kiingereza, tena kwa herufi kubwa: NO SIGNAL. Yaani mzee aliyeanza kuimbisha kanisa hili likiwa bado la mabati anabisha hodi mlangoni kwako, na wewe unasema hakuna mtu?

2. TV ina dharau kwa wakalimani.

Naomba univumilie kidogo hapa. Nyuma ya kompyuta kuna kadi ya picha. Hiyo ndiyo huchora kila kitu unachokiona kwenye skrini. Tundu lake ni la bluu, lina vishimo kumi na tano vilivyopangwa safu tatu kama kwaya. Kadi hii ni ya zamani, huongea kwa mawimbi, inapanda na kushuka kama sauti ya mtu anayeimba. TV za siku hizi husikia tarakimu tu: ndiyo, hapana, ndiyo, hapana. Sioni ajabu. Mchungaji Kipngetich akihubiri kwa Kiswahili, Mama Virginia husimama kando akigeuza kwa Kiingereza, na sijasikia mtu akipendekeza Mchungaji apelekwe jua kali.

Basi nikamtafutia kompyuta mkalimani. Wa kwanza, niliyempata kwenye kibanda mjini, alikuwa waya mtupu: kichwa cha bluu huku, kichwa cha TV kule, katikati hakuna mtu. Wa pili alikuwa na akili ndani, lakini alinyamaza siku mbili mpaka nikagundua kwamba naye anataka umeme wake mwenyewe kupitia kawaya kadogo ka pembeni, vile Mama Virginia hawezi kutafsiri kabla hajapata chai. Nikampa. Na TV ikafanyaje? Soma namba tatu.

3. TV inaelewa, halafu inakataa.

Iliandika: MODE NOT SUPPORTED. Mzee, hii ni mbaya kuliko ile ya kwanza. Ya kwanza ni uziwi. Hii ni kiburi. Kadi ya Mzee Mulongo huchora ukurasa wa maandishi mara sabini kila sekunde, na TV inataka mara sitini. Kwa ajili ya kumi tu! Ni mambo yale yale ya Jumapili. Mzee Mulongo huanza wimbo kwa mwendo wake, Kim anapiga ngoma kwa mwendo wake, na kila mara anayeambiwa ajirekebishe ni Mzee.

Kim mwenyewe nilimwomba ushauri. Akaniambia, "Wee Nelima, hiyo ni ya makumbusho. Si uweke tu nyimbo kwa flashi?" Nilitaka kumweleza kwamba kompyuta hii ilizaliwa kabla ya flashi, haina tundu lake popote mwilini, lakini tayari alikuwa ameshaondoka. Mimi hupata majibu mazuri sana mtu akishaondoka.

4. Hata ikikubali, inanenepesha.

Ukurasa wa zamani ni karibu mraba. TV ni ndefu kama meza ya harusi, na badala ya kuacha nafasi kando, inauvuta ukurasa ujae mpaka pembeni. Herufi O inalala kama yai. Neno "Haleluya" linafura kama limetoka kula nyama Krismasi. (Haya nimeyasoma tu mahali.)

5. Kwa sababu ya TV hii, kanisa zima linaguna.

Hili ndilo lenyewe, Mzee, naomba ulisome ukiwa umekaa. Daftari la Mzee Mulongo lililowa mwaka ule paa lilipovuja, kurasa zikashikana kama chapati. Nyimbo mia mbili na kumi na mbili, nyingine ametunga yeye mwenyewe, zimebaki ndani ya kompyuta ile peke yake. Skrini yake ya kwanza, ile nene yenye mgongo, ilitoa moshi, na sasa imelala stoo chini ya sufuria za harusi na mti wa Krismasi wa plastiki. Tangu hapo Mzee anaimba kwa kukumbuka, na siku hizi kumbukumbu yake inafika ubeti wa pili. Wa tatu anaguna. "Mm-mm, mm-mm-mm." Nasi kwa adabu tunaguna naye, macho tumefumba, kana kwamba tumezidiwa na upako. Wageni wanadhani ndio mtindo wetu. Nimeambiwa kanisa la ng'ambo ya barabara nao wameanza.

Jumapili ijayo ni ya mavuno, na ndiyo siku ya kumuaga Mzee Mulongo. Anarudi nyumbani Kimilili. Amesema anataka kutuimbia wimbo wake wa mavuno, wote, mpaka mwisho. Kompyuta ikifanywa jiko Jumamosi, Jumapili ataguna. Mzee Kabiru, mtu ameimbisha miaka thelathini. Hawezi kuagwa kwa kugunwa.

6. Kwa hivyo naomba hatua za nidhamu.

Kanuni za kanisa ni moja kwa wote, na TV isipendelewe kwa sababu ni nyembamba. Napendekeza itolewe mbele na ikae benchi la nyuma miezi mitatu, kama alivyofanyiwa Kim ngoma ya kanisa ilipoonekana kwenye disko matanga, zile densi za usiku msibani. Ivuliwe kile kitambaa, apewe kompyuta, ambaye kule stoo anapigwa na baridi. Ihudhurie darasa la washiriki wapya kila Jumamosi mpaka ijifunze kusimama, kutaja jina lake na kusema anatoka wapi. Ikishindwa kutubu, basi ni yeye apelekwe Huruma. Nimeulizia: TV haitoi jiko, ni plastiki tupu. Lakini kuna fundi amesema inaweza kuwa mlango mzuri wa banda la kuku, na nimekumbuka kwamba wa kwako ulivunjika.

Mpaka hapo hatua zitakapochukuliwa, kompyuta ibaki. Si haki mzee kufukuzwa kwa sababu kijana amekataa kuongea.

Nafunga hapa kwa sababu karatasi imeisha na mama ananiita nikachambue sukuma wiki. Nisalimie Mama nyumbani, wanakamati wote hata wale waliocheka, Mchungaji na familia yake, na yule ng'ombe wako aliyezaa pacha. Tafadhali usiisome barua hii kanisani. Ukilazimika kuisoma, usitaje aliyeiandika, na usiangalie upande wa swichi.

Ni mimi, mshiriki wako wa benchi la mwisho,
Nelima.

Nyongeza, kwa karatasi nyingine. Mzee, nimeirudia barua kabla ya kuifunga na nimeona haya. Afadhali nikwambie mwenyewe.

TV ilikubali. Ilikubali Alhamisi iliyopita saa kumi na moja jioni, nikiwa kwenye zamu yangu ya kufagia. Fundi Kibet wa pale karibu na steji alinipatia kisanduku kidogo kinachopokea sabini na kutoa sitini, bila kelele na bila kumwambia mtu yeyote ajirekebishe. Nyimbo zote mia mbili na kumi na mbili ziko. Herufi ni nene lakini ziko. Nilijipigia makofi matatu. Halafu nikazima, nikatia kisanduku kwenye mfuko wa sweta, nikaendelea kufagia.

Unajua kwa nini. Hapa kwetu mtu akitengeneza kitu lazima aitwe mbele. "Njoo binti yetu, salimia kanisa, utueleze ulifanyaje, halafu utuimbie hata ubeti mmoja." Kim alibadilisha balbu, akasalimia dakika ishirini. Mimi mara ya mwisho niliitwa nilipofaulu mtihani wa darasa la sita. Nilishika maikrofoni, nikaona zile nyuso zote, na kitu pekee kilichotoka kinywani kilikuwa, "Good morning, madam." Kanisa zima, mpaka wazee, likajibu, "Good morning, Nelima, sit down." Nikaketi. Kim hunisalimia hivyo mpaka leo.

Kisanduku kiko ndani ya bahasha hii, ndiyo maana imefura. Mwambie Kim achomeke ule waya wa umeme kwanza, kisha kichwa cha bluu, na asikaze sana. Mkitaka kumwita mtu mbele, mwiteni Mzee Mulongo. TV isamehewe. Imesimama mbele ya watu tangu Januari na haijakimbia hata mara moja.

Na jambo moja la mwisho. Ile Alhamisi nilisoma ubeti wa tatu wa wimbo wa mavuno mara nne, na ukakaa kichwani. Juzi Jumapili Mzee Mulongo alipokuwa akiujaribu wimbo huo, akafika pale na kuanza kuguna, mdomo wangu uliimba maneno yenyewe. Polepole tu, mstari mmoja. Mzee aliacha kuguna. Aligeuza kichwa, akatafuta benchi hadi benchi sauti imetoka wapi, mpaka akafika upande wa swichi. Mimi nikainama haraka kufunga kamba za viatu.

Viatu vyangu vya Jumapili havina kamba.