Ugonjwa wa Rozi za Muhumba

Wewe unayesoma, usijifanye mgeni. Ulipita mtaa wa Muhumba, hapa Bukavu, asubuhi ile, ukamwona Hugues akinusa rozi za maman wa watu kama daktari wa ukweli, ukageuza shingo. Wapo wanaokumbuka.

Hugues alikuwa na shida iliyovaa gauni: Fabiola, msichana aliyetaka kumwoa. Kesho yake, Jumapili, alipaswa kujitambulisha kwa baba wa msichana, Papa Bulonza, mpenda maua, na alikwishajitangaza kuwa agronomu, bingwa wa kilimo, mwenye shamba la rozi huko Miti, nje ya mji. Shamba hilo lilikuwa na kasoro moja ndogo: halikuwepo. Alihitaji haraka matawi ya kupanda, akamwonyeshe mzee kama zao la shamba lake, na hapo ndipo macho yake yalipoangukia rozi za Maman Séraphine, zimejaa mpaka zinavuka ukuta.

«Maman, pole,» akasema kwa sauti ya matanga. «Hii rozi yako iko mugonjwa. Ugonjwa wa kuambukiza. Kartiye yote, mtaa muzima, itakauka.»

«Yesu wangu! Na dawa?»

«Kukata. Nitakata bure, na matawi nitabeba mbali. Ni roho tu inanisukuma.»

Akakata. Haki yake tumpe: alikata vizuri, kila kipande urefu wa kalamu, chini kidogo ya kifundo, majani mawili juu, akavifunga kwenye kitambaa chenye maji. Rozi zikabaki zimenyolewa, kazi ambayo Maman Séraphine alikuwa akimlilia mume wake tangu Pasaka.

Lakini neno «kuambukiza» halichezewi Bukavu, mji uliojifunza magonjwa kama katekisimu. Kabla Hugues hajafika mlangoni, jirani Bintu, aliyesikia ng'ambo ya ukuta, alishaleta ndoo ya maji ya klorini, na Papa Gracien wa nyumba ya pili alishafika na petroli.

«Nani amegusa mugonjwa?» akauliza Gracien.

«Ni ule tonton,» Bintu akamwonyesha Hugues kwa kidole.

«Tonton, weka ile matawi chini. Tunachoma.»

«Nitachoma mwenyewe, kule mbali!»

«Upitishe ugonjwa mbele ya batoto betu? Nawa mikono kwanza. Na koti utoe, nayo inaingia mu moto.»

Kiberiti kikawaka. Hugues akamwona Fabiola akigeuka moshi.

«Muache! Iko nzima! Haina hata ugonjwa!»

Maman Séraphine akainama, akaokota tawi, akalichungulia kwa heshima kubwa.

«Bwana asifiwe. Daktari mwenyewe anasema imepona. Bintu, leta bidoni na udongo.»

Wakapanda palepale mbele ya Hugues, ndani ya madumu hayo, wakafunika kila tawi kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako. Kila jirani akachukua lake. Gracien akachukua yaliyobaki yote.

«Haya ni ya rafiki yangu Bulonza. Kesho kuna kijana anaenda kumwonyesha rozi. Afazali muzee akuwe nazo mbele ya ule kijana kufika.»

Hugues akatoka na koti lenye madoa ya klorini, mikono safi kuliko siku ya ubatizo wake.

Na ninyi, mpaka lini mtamwachia mjanja awauzie kinachoota bure? Anaishi kwa kile mnachonyimana. Inuka. Shika kisu, kata tawi, lipande, na leo, kabla jua halijazama, mpelekee jirani asiye nalo.