Digrii Arobaini Bila Umeme

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeanza! Friji letu lililokufa mwaka juzi limefufuka, ila sasa kazi yake ni kupasha joto. Balbu tatu za kizamani. Bakuli la maji chini. Matundu manne ya hewa ubavuni. Na kipimajoto cha homa nilichoazima kwa shemeji, mdogo wake mke wangu, ambaye ni muuguzi. Mayai kumi na mawili yamelala ndani kama wafalme. Upande mmoja nimeandika X kwa penseli, upande mwingine O, nijue lipi nimeligeuza na lipi bado.

Mayai mengine kumi na mawili yako chini ya kuku wa mke wangu. Tunamwita Shangazi kwa sababu humkagua mtu kuanzia utosini hadi unyayoni, kisha hugeuza shingo.

Mkataba wetu: mashine yangu ikimshinda Shangazi kwa idadi ya vifaranga, au hata ikienda naye sare, stoo inabaki karakana yangu. La sivyo, stoo ni ya mke wangu aweke cherehani yake, ambayo kwa miaka minne imekaa jikoni ikinuka vitunguu. Bila stoo mimi nitakuwa mtu wa kubuni vitu barazani, mbele ya kila mpita njia mwenye maoni. Lakini nimekubali upesi. Kushindana na kuku! Karibu nimwonee huruma.

Jumatano, 5 Machi

Kipimajoto: 38 asubuhi, 38 mchana, 38 jioni. Hakitikisiki. Nilidhani joto litapanda na kushuka kidogo. Wapi!

Nimeanza kumchunguza mpinzani wangu, daftari mkononi. Sijapata kuona mfanyakazi mtoro namna hii. Saa nne asubuhi aliacha mayai, akanywa maji, akaoga vumbi, akazozana na ndoo, akarudi baada ya dakika kumi na saba. Mashine yangu haiogi vumbi.

Hata hivyo nimeona jambo. Hugeuza mayai kwa mdomo, na yai la pembeni hulivuta katikati, la katikati akalisukuma pembeni. Zamu kwa zamu, hakuna linaloonewa. Nani alimfundisha? Nilimuuliza mke wangu. Alisema hajui, ila hakika hakuwa mtu mwenye daftari.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya saba. Nimeziba mianya ya dirisha la stoo kwa blanketi nikamulika mayai kwa tochi, moja moja. Mungu wangu! Ndani kuna mishipa myekundu, myembamba kuliko uzi wa kushonea, na katikati doa dogo linadunda. Moyo! Moyo ndani ya friji langu! Mayai tisa kati ya kumi na mawili yana uhai.

Nilimwita mke wangu. Alitazama, akanishika bega. Tukalimulika yai lile lile mara tatu, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulirudisha. Kisha akanikumbusha kwamba stoo bado anaitaka.

Jumatano, 12 Machi

Swali limeninyima raha siku mbili: je, Shangazi mwenyewe ana joto kiasi gani? Nilipokuwa nakunywa chai nikaona siwezi kuendelea kuishi bila kujua. Nikatoa kipimajoto kwenye mashine, nikampenyezea chini ya kifua. Ameninyofoa ngozi ya kidole gumba. Lakini jibu nimelipata: 40!

Nikakirudisha kipimajoto kwenye mashine, nikafunga mlango, nikafunga na kidole. Baada ya saa moja nikachungulia. 40! Mashine nayo imepanda! Hatari hii, mayai yatachemka. Nimetoa balbu moja haraka sana.

Ijumaa, 14 Machi

Bado 40. Nimetoa balbu ya pili. 40. Nimeacha mlango wazi upana wa kidole. 40. Joto hili linatoka wapi?

Nimelala chali sakafuni kutafakari, na hapo ndipo fumbo likafumbuka. Ni vifaranga wenyewe! Kila mmoja ni kijiko cha moto. Weka tisa pamoja, unapata moto wa tisa. Wanapashana wao kwa wao. Maisha yangu yote sijasikia mtu akilisema hili.

Saa tisa alasiri nimezima balbu ya mwisho. Nikatoka, nikaizunguka nyumba mara mbili, nikarudi. AROBAINI. Bila umeme! Kuku anahitaji mahindi, balbu inahitaji waya, mashine yangu haihitaji chochote.

Jumapili, 16 Machi

Nimemwalika jirani, fundi redio, aje ashuhudie. Huyu bwana hucheka kila ninachobuni, nikataka leo acheke vizuri. Alishika yai, akasema ni baridi kama mtungi wa maji. Nikamwonyesha kipimajoto. Akakisoma. Akashika yai tena. Nikamweleza kwa upole kwamba mkono wa binadamu una mambo mengi, chombo hakina upendeleo. Akasema haya, bwana mkubwa, lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wewe unajisifu mwenyewe. Wivu tu.

Mke wangu naye akaligusisha yai kwenye kope la jicho, kama afanyavyo mama yake. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia asome mwenyewe. Akasoma. Arobaini. Akaniomba niwashe japo balbu moja, kwa usalama tu. Nikakataa, nitaharibu jaribio. Najua anachoogopa. Nimemshauri aanze kuizoea harufu ya vitunguu.

Jumamosi, 22 Machi

Shemeji amekuja kuchukua kipimajoto chake. Nikampeleka stoo kwa mbwembwe zote. Siku nane bila umeme, shemeji, na digrii hazijashuka hata moja! Alikitoa, akakikung'uta kwa nguvu mara tatu, akanionyesha.

35.

Akanieleza, kwa sauti ile anayotumia kwa wagonjwa, kwamba kipimajoto cha homa kikishapanda hakishuki mpaka kikung'utwe. Ndivyo kilivyoundwa, ili muuguzi apate nafasi ya kukisoma. Kumbe siku kumi nzima nimekuwa nikisoma joto la kifua cha Shangazi!

Nimewasha balbu zote tatu. Nimemulika mayai yote tisa. Hakuna kinachodunda. Nimemulika tena, nikaanza upande wa pili, labda nimeruka moja. Hakuna. Nina huzuni na nina aibu, sijui ipi kubwa. Waliishi vizuri tu mpaka nilipowapenda kupita kiasi. Chakula cha jioni kimenishinda.

Jumatatu, 24 Machi

Shangazi: kumi. Mashine: sifuri.

Nimefukia mayai nyuma ya nyumba. Mke wangu alishika jembe, nami nikashika ndoo. Hakucheka hata kidogo, na hilo limeniuma kuliko kama angecheka. Kisha nikamkabidhi ufunguo, nikamsaidia kubeba cherehani. Stoo ina mwanga mzuri wa asubuhi. Sikuwahi kujua, maana dirisha nilikuwa nimeliziba kwa vyombo vibovu.

Tulipopita uani, Shangazi alitoa kichwa katikati ya vifaranga wake, akanikagua kuanzia utosini hadi unyayoni. Nilistahili.

Alhamisi, 27 Machi

Friji liko barazani. Wapita njia wana maoni, kama nilivyotabiri.

Nimetafakari siku tatu bila upendeleo. Mashine haina kosa. Kusema kweli haikushindana kabisa, ilikuwa imezimwa! Mtu hawezi kumshinda mwanariadha aliyelala, kisha akajisifu. Mkosaji ni kipimajoto, nacho kimesharudi kwa mwenyewe. Nimekula kiapo: chombo cha hospitali hakitaingia tena kwenye friji langu.

Fundi redio, nilimkosea yule bwana, amenipa kipimo cha joto kilichong'olewa kwenye dashibodi ya lori bovu. Kikubwa, cha chuma, kina sindano nyekundu. Aliponipa alikuwa anakohoa sana, nadhani ni vumbi la lori.

Nimeomba mayai mengine kumi na mawili. Mke wangu alisimamisha cherehani, akaniuliza safari hii naweka nini rehani. Nimeweka upande wangu wa kitanda. Nimeuweka bila wasiwasi wowote, maana kipimo hiki nimekikazia macho tangu asubuhi: sindano iko katikati kabisa, haipandi, haishuki. Na bado hata sijakiunganisha na waya.