Msimamizi wa Nyumba ya Haji Mozaffar

Wembe, kinyozi wa mtaa, alifika kwenye banda la chai la Khala Jomila na povu la sabuni bado mkononi. Alikuwa amemwacha mteja wake kitini, shavu moja safi, la pili bado.

"Wosia wa Haji Mozaffar umefunguliwa leo asubuhi," alisema akijibana kwenye benchi. "Iqbal, mwanawe mkubwa, kazimia. Kaanguka chali juu ya zulia."

Pale Dhaka ya kale hapakuwa na asiyeijua habari ya ile nyumba. Haji alikuwa na siku kumi kaburini, na kabla ya kufa aliifanya wakfu: isigawanywe, watoto wake wawili wakae humo na kula kodi ya maduka ya chini. Kilichokuwa hakijulikani ni jina la msimamizi.

"Kwa hiyo Iqbal hakupewa," alisema Karani, mzee aliyestaafu mahakamani na ambaye tangu astaafu anaongea kama jaji. "Nilimwambia Haji, kazi hii inataka mjuzi wa sheria. Hapa mtaani yupo mmoja tu, ila unyenyekevu unanizuia kumtaja."

"Sheria gani, mzee? Wewe ulikuwa unagonga mihuri," Wembe alisema. "Usimamizi ni uaminifu. Mimi miaka ishirini naweka wembe kwenye koo za wanaume wa mtaa huu. Nani kafa?"

"Haji kafa," alisema Khala Jomila, akiendelea kumimina chai.

Mwisho wa benchi alikaa Rokon, fundi saa. Walimwita Bwana Kesho, kwa jinsi anavyowajibu wateja. Hakucheka. Miaka kumi na mmoja Haji alikaa hapo ubavuni pake, wakibishana kuhusu kila kitu hadi chai ikapoa, na tangu mazishi Rokon alikuwa hajaizoea ile nafasi tupu.

"Basi taja jina, usituzungushe," alisema Khala.

Wembe akaelekeza kidevu kwa Rokon. "Huyo hapo."

Kipande cha mkate wa bakarkhani kikamponyoka Rokon na kuzama kwenye chai. "Wembe, mtu kafiwa, usimtanie."

"Shahidi wa wosia ndiye niliyemwacha kitini. Kanisomea mwenyewe. Jina lako, la baba yako, na sababu."

"Sababu gani?"

Wembe akakohoa kidogo. "Haji kaandika hivi: 'Nilimpelekea Rokonuzzaman saa yangu mwaka juzi, mpaka leo ananiambia kesho. Mtu kama huyu hawezi kuiuza nyumba ya wanangu, kwa sababu hatamaliza kusoma mkataba.'"

Benchi zima likaangua kicheko. Karani alicheka mpaka akavua miwani. Rokon aliona uso unamwaka. Kumbe miaka yote ile rafiki yake alimwona mvivu tu, akaona na uvivu wenyewe una matumizi. Akaamua kimoyomoyo kuikataa kazi hiyo.

Kabla hajafungua mdomo, Iqbal akatokea, boksi la peremende mkononi na karatasi ndefu imekunjwa kwapani. Miaka mitatu alikuwa akipita hapo bila salamu.

"Assalamu alaikum, baba mdogo," alisema, akainama kumgusa Rokon miguu kwa heshima.

"Leo ana baba mdogo," Wembe alinong'ona.

Iqbal akakunjua karatasi juu ya meza ya chai. Ulikuwa mchoro wa ghorofa tisa. "Mjenzi yuko tayari. Nyumba inabaki ya wakfu, sisi tunaibomoa tu na kuijenga vizuri. Saini yako moja. Hata ukichukua wiki, sina haraka."

Rokon aliutazama mchoro kwa ukaribu, kama anavyotazama tumbo la saa. "Dada yako Rehana yuko wapi hapa?"

Rehana alikuwa mjane, na ndiye aliyemuuguza Haji miaka yote ya kiharusi, akimsindikiza hadi hapa bandani.

"Atapata nafasi. Chumba hiki hapa, karibu na lango. Cha mlinzi. Yeye si mtu mmoja tu?"

Khala Jomila akaliweka birika chini.

"Hapana," alisema Rokon.

"Fikiria kwanza, baba mdogo. Mimi nitapita kesho."

"Nimeshafikiria. Haibomolewi. Na wewe ukitaka kuongea nami tena kuhusu nyumba ile, njoo na dada yako."

Akakunja mchoro, akamrudishia, kisha akamsukumia na peremende zake. Iqbal aliangalia nyuso za benchi akitafuta mtetezi, asione, akaondoka. Rokon naye akainuka kwenda kwa Rehana, kumpa habari kabla hajazisikia kwa mwingine.

Karani alimsindikiza kwa macho hadi akakata kona. "Jamani, Haji alikosea mtu. Huyu hakusema kesho hata mara moja."

Khala Jomila akaokota kikombe cha Rokon. "Hakukosea mtu. Alikosea sababu."