Mkufunzi wa Mbinu Ajirekodi

Jumatatu, 4 Machi

Kikao cha wakufunzi. Mkuu wa Chuo kasema tumeachwa nyuma. Vyuo vingine vya ualimu vinafundisha kwa video, sisi bado tunakula vumbi la chaki. Wakaguzi wanakuja Alhamisi ya wiki ijayo. Baada ya hapo atateua mratibu wa TEHAMA. Macho yote yakamgeukia Mkufunzi wa Sayansi. Binti wa juzi! Ana miaka miwili tu hapa, na projekta inamtii kama mbuzi wa kufugwa. Mimi nafundisha Mbinu za Kufundishia mwaka wa ishirini na sita huu. Hakuna aliyenitazama ila mkutubi, naye alikuwa anasoma saa ya ukutani juu ya kichwa changu.

Nimeamua. Cheo hicho ni changu.

Nikikipata, mke wangu atasikia. Alikwenda kwa binti yetu kumsaidia uzazi, akasema wiki sita. Huu mwezi wa nane. Mjukuu ana meno manne. Sijamwambia arudi. Mwanamume habembelezi kwa simu. Jioni nimemimina chai vikombe viwili, mazoea tu. Nimevinywa vyote. Cha pili kilikuwa kimepoa.

Jumanne, 5 Machi

Mpango uko hivi: nitajirekodi, nitawatumia wanachuo, sifa zitamfikia Mkuu zenyewe. Chema chajiuza. Nimeanza na mada ninayoimudu kuliko zote, Kumshirikisha Mwanafunzi Darasani. Nimefunga mlango wa sebule. Stuli, juu ya stuli ndoo, juu ya ndoo kamusi, juu ya kamusi simu.

Mara ya kwanza, dakika arobaini bila kukosea. Kutazama, naonekana kuanzia shingoni hadi kwenye mkanda. Kichwa hakimo! Mara ya pili kichwa kimo, sauti haimo. Mara ya tatu ndoo iliteleza, nikaendelea kufundisha nikiwa nimelala ubavu. Mara ya nne, sawa.

Kuna mahali nauliza, "Nani atatupa mfano?" Nikangoja, maana nawafunza walimu watarajiwa kila mwaka kwamba lazima wangoje. Sebule kimya. Friji inanguruma. Nikasema, "Vizuri sana. Mwingine?"

Alhamisi, 7 Machi

Video tatu zimekamilika. Nimezituma kwenye kundi la darasa. Madole gumba arobaini na moja! Darasa zima! Nimeyahesabu mara mbili. Nikamtumia na mke wangu. Dole gumba. Arobaini na mawili.

Mkufunzi wa Sayansi kaja mezani kwangu, kanipongeza, eti kama nikipenda atanisaidia kuzikata ziwe za dakika tano tano, wanachuo wasichoke. Kuzikata! Kikulacho ki nguoni mwako. Nimemshukuru kwa ubaridi, nikageuza kiti kuelekea dirishani. Imebidi nikae hivyo hadi saa ya kutoka, jua likiniunguza jicho moja.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeingia darasani nikiwa nimenyoa na kuvaa tai. Wanachuo sita.

Nimemuuliza kiranja wengine wako wapi. Ni mama mtu mzima, alifundisha miaka tisa kabla ya kuja kusomea diploma, hana mzaha. Akasimama kwa adabu.

"Mwalimu, tunakushukuru, umeturahisishia. Siku hizi wanakusikiliza huku wanafua."

"Wanafua?"

"Ndiyo, mwalimu. Tena wanasema ukiongezwa kasi mara mbili unaeleweka zaidi."

Kati ya wale sita, mmoja alikuja kuchaji simu. Nilimfundisha hata hivyo. Alipojaza, akaondoka.

Jumamosi, 9 Machi

Mke wangu kapiga simu ya video. Niliona dari, kisha feni, kisha unyayo wa mjukuu uliojaa skrini nzima. Unyayo mzuri. Mke wangu akauliza kama nakula. Nikasema nakula vizuri sana. Mkate na chai tangu Jumatano. Akauliza nyumba ikoje. Nikafungua mdomo kumwambia kwamba upande wake wa kitanda naweka madaftari ya kusahihisha ili pasionekane patupu. Badala yake nikamweleza tofauti ya video nzito na video nyepesi. Dakika kumi hivi. Kisha nikanyamaza.

"Mbona kimya?"

Nikasema mtandao mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri kuliko siku zote.

Jumatatu, 11 Machi

Wanachuo wawili. Mmoja amelala.

Hii haikubaliki. Wakaguzi wakija wakikuta viti vitupu, nimekwisha. Nikapata wazo wakati nafuta ubao ambao hakuna aliyeusoma. Nimetuma ujumbe kwenye kundi: katika video ya tatu nimeficha kosa moja kwa makusudi. Atakayetaka kulijua, aje kesho darasani. Sijaficha kosa lolote. Nitatunga moja usiku.

Jumanne, 12 Machi

Wamejaa! Wengine wamesimama dirishani. Nilikuwa bado sijatunga kosa, usingizi ulinipitia. Haikuhitajika. Walikuja na makosa yao wenyewe. Kumi na tisa!

Kiranja ndiye aliyeanza. Kasema ule ushauri wangu wa kuwagawa watoto katika makundi ya wanne, yeye aliujaribu na watoto tisini kwenye chumba chenye madawati kumi na mawili, na makundi yakapigana. Wakacheka. Nikamwambia aje mbele atuonyeshe walivyokaa. Tukasukuma madawati. Kijana mmoja mpole, sijawahi kusikia sauti yake tangu Oktoba, akapinga, akachukua chaki mkononi mwangu bila kuomba, akachora. Mwingine akamfutia. Mabishano, kelele, mkono huku, mkono kule. Nilisahau kutazama saa. Kengele ikalia, hakuna aliyetoka. Nilikuwa na jasho mgongoni na chaki hadi kwenye nyusi.

Kiranja akaniambia mlangoni, "Leo ndiyo umetufundisha, mwalimu."

Nilikwenda nyumbani nikiimba njiani. Sebuleni nikakumbuka kitu, nikajipiga kofi kwenye paji la uso. Sikurekodi! Somo zuri kama lile limepotea bure. Mjinga mimi.

Jumatano, 13 Machi

Matayarisho. Kesho, mbele ya wakaguzi, video yangu itafundisha ukutani, nami nitakaa nyuma nikitikisa kichwa kama mtaalamu. Nimetia sauti ya makofi kila baada ya hoja. Chuo kina projekta moja. Nimeichukua mapema na kuiweka kabatini mwangu nyumbani, chini ya mablanketi, asije mtu mwingine akaihitaji. Mkufunzi wa Sayansi kazunguka ofisi zote akiitafuta, kaniuliza hata mimi. Nikasema vifaa vya chuo havina mwenyewe.

Mke wangu kapiga mara tatu leo. Sijapokea, nilikuwa napanga makofi.

Alhamisi, 14 Machi



Wakaguzi wawili, Mkuu wa Chuo, wanachuo wote, wakufunzi wamepangwa ukutani. Nikaunganisha simu na projekta. Nikawaka ukutani, mkubwa kama mlango. Makofi yakalia. Mkaguzi mmoja akaandika kitu. Nikatikisa kichwa.

Dakika ya nane, uso wangu ukatoweka na mlio wa simu ukajaa chumba. Mke wangu. Nikarukia meza nikakata. Nilidhani nimekata. Kumbe nimepokea.

Akatokea ukutani, amejifunga kanga kichwani, mjukuu begani.

"Baba watoto! Siku ya ngapi hii hupokei? Jirani ameniambia unaishi kwa mkate. Tena unaongea peke yako sebuleni, anakusikia, unauliza maswali halafu unajipongeza. Unaumwa?"

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililonimaliza. Wangecheka ningejua la kufanya. Nilibonyeza kila kitufe. Sauti ikazidi.

"Naona dari tu. Sema kweli, mume wangu. Upweke umekuzidi?"

Nikasema, "Mama watoto, niko kazini." Sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mtoto aliyeitwa ubaoni.

Mkufunzi wa Sayansi akapita kati ya viti, akachomoa waya, akanitia simu mkononi. "Nenda ukaongee na mama," kasema kwa sauti ya chini. "Darasa nitalishika, nitakurudishia." Nilimwona akimpa kiranja chaki.

Nikasimama nyuma ya maktaba, karibu na matangi ya maji. Mke wangu alikuwa amekwisha kuelewa, analia na kucheka kwa pamoja, ananiomba radhi. Kisha akasema jambo ambalo hajawahi kulisema.

"Mimi nimekaa huku nangoja uniite. Binti alishapona zamani. Nikadhani umezoea, umenichoka. Sema njoo tu. Neno moja. Kesho yake napanda gari."

Neno lilikuwepo. Lilifika hadi kwenye meno. Nikasema, "Nitakujibu rasmi."

Ijumaa, 15 Machi

Kameteuliwa kale kabinti. Mratibu wa TEHAMA. Nilijua. Mtu akichomoa waya mbele ya wakaguzi lazima aonekane.

Kisha akaja mezani kwangu. Kasema amemwomba Mkuu nifanye naye kazi. Atarekodi yeye, ila anataka arekodi darasa lenye watu, kama lile la Jumanne, wanachuo wamemsimulia. Kasema mashine mtu hujifunza kwa wiki moja, lakini kuwafanya watu wazima wabishane kwa furaha hivyo yeye hawezi, anaomba nimfundishe. Macho yake makavu, hana utani.

Nimelifikiria hadi jioni. Jibu ni moja tu. Ananiogopa.

Projekta nimeirudisha. Kakuta nyuzi za blanketi kwenye lenzi, hakuuliza.

Jumapili, 17 Machi

Siku nzima kazini, hapa hapa sebuleni. Neno moja! Mwanamke wa maana kama yule, miaka thelathini na moja ya ndoa, umwite kwa neno moja kama teksi? Nimemtayarishia wasilisho kamili. Slaidi ishirini na saba. Utangulizi. Historia ya ndoa yetu. Hali ya sasa, pamoja na picha ya kitanda kabla na baada ya kuondoa madaftari. Mchoro wa nguzo unaoonyesha idadi ya maneno niliyotamka humu ndani kila mwezi tangu aondoke. Nguzo ya Februari haionekani, ni fupi mno. Changamoto. Mapendekezo. Muziki wa kinanda chini chini. Nasimulia mwenyewe, saa moja na dakika kumi. Ombi lenyewe liko slaidi ya ishirini na sita.

Kapiga mara mbili nikiwa narekodi. Nimekata, mlio unaharibu sauti.

Sasa hivi kaniandikia: "Nimeshika simu. Nije au nisije?"

Nimemjibu asubiri kidogo, inapakia, imefika asilimia nne.